Kidevu cha Levis

Jumamosi hiyo duka la kinyozi lilikuwa limefurika, wengine wakingoja zamu kwenye ngazi zinazoelekea sokoni, na Nangila alikuwa ameshachoka na nyuso za watu. Kazi yake ilikuwa kuwaosha wanaume uso kwa taulo la moto baada ya kunyolewa. Hapo ndipo alipoketi mbele yake kijana mwenye buti za kazini na jaketi la kijani linalong'aa, lile la mafundi wa mabomba ya mvuke kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria.

"Sasa, boss. Funga macho."

"Nikifunga nitakuona aje?"

"Umekuja kuoshwa ama kuangalia?"

"Nilikuja kunyolewa tu. Hii ingine imenipata hapa."

Akacheka, na kidevu chake kidogo cha mviringo kikajificha ndani ya kicheko. Nangila akakipitishia taulo mara ya pili, ingawa kilikuwa kimetakata zamani.

Levis, ndilo jina lake, akawa mtu wa kila Jumamosi. Walitembea mjini Nakuru wakila mahindi ya kuchoma, na kwa miezi saba Nangila hakutaka kitu kingine duniani. Siku moja akampiga picha akiwa kitini, akaiweka kwenye ukurasa wa duka mtandaoni na kuandika, "Huyu ni wangu." Wasichana wakamiminika kulisifu taya lake.

Baada ya hapo Levis akapotea. Hakuonekana dukani, na simu zake zikawa fupi.

"Babe, kazi imekuwa mob huku, sina nafasi."

"Washa video nikuone."

"Network ni mbaya."

"Levis, ni nani huyo uko naye?"

"Hakuna mtu, Nangi."

"Basi washa video."

Simu ikakatwa. Jelagat wa kaunta akamshauri aifute namba hiyo, akisema Levis amepata mwingine. Nangila hakuweza. Alimtamani hadi akajionea aibu. Kila uso alioosha, kiganja chake kilitafuta kile kidevu na kukikosa.

Wiki ya kumi tangu apotee, Jumanne, duka likiwa halina watu, Levis aliingia amevaa barakoa na kofia ya sweta, akaketi kwenye kiti kilekile. Nangila alikuwa na maneno makali tayari.

"Toa hiyo mask kwanza."

Akaitoa. Taya lilikuwa limechongwa na kupanuliwa, upande wa kushoto umevimba, mdomo umevutwa chini. Alijaribu kutabasamu na nusu tu ya uso ikamtii.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Kliniki nilipata online. Kuna machali huko online, vijana kama mimi, wanapimana taya na rula, Nangi, wanasema bila hiyo wewe si mwanaume. Halafu ukaweka ile picha. Nikaipelekea daktari, nikamwambia nataka kuwa huyo umeandika ni wako."

Nangila akavuta kiti, akaketi.

"Hiyo ilikuwa filta ya simu, inachonga taya. Tunawekea kila mteja. Hata mzee Kiptanui nilimwekea, na hana meno."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza, mpenzi. Mimi nilikupenda na hicho kidevu chako."

Levis akatazama buti zake. "Wanasema neva ya kuhisi inaweza rudi, ama isirudi. Sijakuja unihurumie. Nimemiss tu mkono yako. Nioshe, halafu nitaenda."

Nangila akachovya taulo, akalikamua.

"Funga macho."

Alianzia pale alipoanzia siku zote, kidevuni, polepole, mara ya kwanza na ya pili, akingoja kicheko chake. Levis alikaa tuli, macho yamefumbwa.

"Anza basi," akasema.

Machozi yakamtoka Nangila. Akaliinua taulo kutoka kidevuni, akalipeleka shavu la kulia, karibu na sikio.

"Hapa je?"

Levis akavuta pumzi ndefu, akaulalia mkono wake.

"Hapo nakusikia."

"Basi huendi popote. Jumamosi tutaanzia hapo."