Gauni Lisilopimwa

Je, alikosea kukubali? Swali hilo mwalimu wa Kiswahili aliliandika ubaoni siku ya Jumatatu, na hadi Alhamisi mchana Sindano hakuwa amepata jibu lake.

Sindano lilikuwa jina la utani. Alipewa kwa wembamba wake, na pia kwa sababu kila alipotoka shuleni ndiye aliyemtungia uzi sindanoni mama yake mdogo, fundi cherehani aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi. Chumba chao cha mbele kilijaa sare za shule, na bibi yake alikaa pembeni akishikiza vifungo.

Siku hiyo Sindano aliwasimulia riwaya ya kale waliyokuwa wakiisoma darasani. Binti mmoja amefiwa na baba, binamu yake amechukua nyumba, na tajiri asiyempenda anamposa. Binti anakubali ili apate pa kukaa, na mwalimu anauliza kama alikosea.

"Ana akili huyo," bibi akasema. "Mvua ikinyesha atajifunika mapenzi?"

"Na huyo tajiri alimwuliza binti anataka nini?" mama mdogo akauliza bila kuinua macho.

Sindano akafikiri. "Hakuna ukurasa anapoulizwa."

Hodi ikapigwa. Alikuwa muuza vitambaa wa sokoni, aliyemposa mama mdogo mwezi uliopita, na mama mdogo akaomba muda wa kufikiri. Leo alifuata jibu, na mikononi alibeba gauni jeupe la harusi.

"Nimekupumzisha, Fundi. Limeshonwa tayari."

"Nani alinipima?"

"Nilikadiria tu kwa macho."

Mama mdogo aligeuza gauni ndani nje, akakagua mishono. Bibi alimhimiza alivae, naye akaingia chumbani. Alipotoka, kiuno kilimkaa vyema, lakini mabega yalikuwa yamebanwa kama mzigo. Akaketi kwenye cherehani, akanyoosha mkono kuligusa gurudumu. Mshono wa kwapani ukaachia, tra!

"Utapungua," muuza vitambaa akasema kwa upole.

"Miaka kumi na mmoja nashona, sijawahi kumwambia mteja apunguze mabega."

"Basi litaongezwa. Hata hivyo kwangu hakuna kushona. Hiyo cherehani tutamwuzia mtu. Utakula, utavaa, utapumzika."

"Na nikitaka kushona?"

"Utake ya nini?" Akacheka, akamtazama bibi ili wacheke pamoja.

Bibi hakucheka. Alimgeukia binti yake. "Mwanangu, mimi nikiondoka, nani atakuangalia? Kubali tu, nife nimetulia."

Sindano aliubana uzi kidoleni hadi kikauma. Mama mdogo akikubali, chumba hiki kitafungwa. Lakini bibi naye hakuwa akitania. Hofu yake ilikuwa ya kweli.

Mama mdogo akaenda kubadili nguo, akarudi na gauni limekunjwa vizuri.

"Sindano, kesho mjibu mwalimu wako hivi," akasema. "Binti yule hakukosea kutaka pa kukaa. Waliokosea ni wale waliompokonya nyumba wakamwachia mlango mmoja tu, kisha wakamwita mwenye bahati kwa kuupita. Mimi nina mlango wa pili, na niliufungua kwa mikono hii. Ndiyo maana nakusukuma usome na ujue kazi: siku ukiposwa, ujibu kwa hiari yako, si kwa hofu."

Akamgeukia bibi. "Mama, ndoa siichukii. Akija mtu anayeniuliza kabla ya kunikatia kitambaa, tutazungumza. Nawe nitakuangalia mimi, kama ninavyokuangalia leo."

Bibi akashusha pumzi, akaokota kifungo kilichokuwa kimemdondoka, akaendelea kukishikiza.

Ndipo mama mdogo akamkabidhi muuza vitambaa gauni lake.

"Ahsante kwa heshima uliyonipa," akamwambia. "Lakini siolewi nawe, na cherehani haiuzwi. Kesho asubuhi nitakuwa hapa, nikishona."