Betri Iliyogeuzwa

Sauti nzito ilitangulia. Vidole, kama wenzake wa bendi walivyomwita, alikuwa ameinua tu mkono juu ya nyuzi za gitaa, na tayari spika ilikuwa imeshanguruma noti aliyokusudia kuipiga.

"Kiboksi chako kina kiherehere," mpiga dramu alimtania. "Umekitoa wapi?"

"Nimepewa," alijibu Vidole, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Alipewa kweli. Viboksi vile vya kukanyaga kwa mguu, vinavyoipa gitaa sauti ya pili, ileile ila nzito zaidi, yaani oktavu, havikuwa saizi ya mfuko wake. Marehemu Mwalimu wake alimfundisha njia ya bure: bana nyuzi mbili kwa pamoja, uuzibe ule wa katikati usilie. "Oktavu ya bure iko vidoleni," alizoea kusema, huku akijichua viungo kwa ile dawa yake ya harufu kali. Lakini Vidole hakuwa na subira.

Wiki tatu baada ya mazishi alikwenda kumjulia hali mjane. Mama yule alitoa kiboksi cha mumewe kabatini.

"Hebu kijaribu, mwanangu. Kama ni kizima, nimwekee mjukuu wake."

Vidole akaitia betri kinyume, makusudi. Akakanyaga mara tatu. Taa haikuwaka.

"Pole, mama. Hiki kimekufa."

"Basi kakitupe. Na asante kwa kujisumbua." Asante hiyo ilimchoma mpaka nyumbani, ila kiboksi hakukirudisha.

Jumamosi mchana walipiga kwenye harusi. Wimbo ulikwisha, Vidole akaondoa mguu, sauti ya chini ikaendelea peke yake. Akachomoa waya. Ikaendelea. Harufu ya dawa ya kuchua ikapanda kutoka sakafuni, na mwimbaji alipompa kipaza sauti awasalimie wageni, alifungua mdomo akasema "Hamjambo nyote", na chini ya maneno yake, kwa sauti nzito aliyoijua tangu utotoni, ukumbi mzima ukasikia "Aligeuza betri", wageni wakacheka wakidhani ni utani wa bendi, mpiga dramu peke yake hakucheka, akamtazama Vidole kisha kiboksi, na Vidole akatamani ardhi ipasuke immeze, akakikwapua kiboksi na kutoka mbio kwa mlango wa jikoni.

Mjane alimfungulia.

"Mama, nimekirudisha. Kumbe kilikuwa kizima. Sikujua."

"Alijua," ikasema sauti chini ya sauti yake.

Mama akashika fremu ya mlango. "Hiyo sauti," alinong'ona. "Hiyo sauti naijua."

"Mama, mimi..."

"Sema mwenyewe, mwanangu. Usimwachie yeye akusemee."

Vidole alipiga magoti kizingitini. Maneno yalitoka moja moja. "Nilijua. Niligeuza betri mbele yako. Nilimwibia mjukuu wa Mwalimu wangu, nawe ukanishukuru."

Akasikiliza. Chini ya maneno yake, kwa mara ya kwanza, palikuwa kimya. Hata ile harufu ya dawa iliyomfuata ilipotea. Alilia kama mtoto.

Mama akakipokea kiboksi, akakikumbatia kifuani, akamwekea Vidole mkono kichwani.

"Nimekusamehe," alisema.

Na chini ya sauti yake, taratibu, nzito: "Mimi bado."