Mashine Iliyokataa Kuamka

SAA SITA MCHANA

Mjomba alipanga kazi mezani kwa vitu vilivyokuwapo. Kifuniko cha chupa kilikuwa ghala. Kiberiti kilikuwa gari.

"Sindano yumo ndani tangu asubuhi," alisema. "Kaingia na wafagizi, hakutoka nao. Saa saba na nusu Fundi anafungua mlango mkubwa wa nyuma kwa kompyuta yake. Breki, gari lako liko pale, tako mlangoni. Simu mpya, boksi kwa boksi. Saa nane zamu ya pili inaingia na mbwa, wanapekua kila chumba. Wakute kuta."

"Na mlango usipofunguka?" Breki aliuliza.

"Utafunguka. Aliyezifunga kufuli zile ni huyu hapa."

Kweli. Fundi alizifunga mwenyewe, enzi alipokuwa na mshahara wa ghala lile, akajiachia njia ya uchochoroni ya kuziamrisha akiwa mbali. Njia hiyo ilikaa ndani ya kompyuta moja tu, ile ya mezani, iliyowekwa kwenye chumba hiki nyuma ya duka la Mjomba la fotokopi.

Sindano alikuwa dada yake Fundi na mke wa Breki. Mjomba aliwalea yeye na kaka yake. Hakuna wizi unaoharibika upesi kama wa kindugu.

Tena Sindano alishakaa jela. Aliingia mnene, akatoka na jina hilo. Alimwambia kaka yake neno moja tu: wakinirudisha mle, sitoki hai.

SAA SITA NA ROBO

Fundi alitoka chooni akakuta kioo cheusi. Waya wa kompyuta uko sakafuni. Kwenye soketi, simu ya Breki inanyonya umeme.

"Nani kachomoa?"

"Ilibaki asilimia mbili, shemeji."

"Mashine ilikuwa inafanya nini?"

"Ilinisumbua. Apdeti, apdeti. Nikabonyeza ndiyo ininyamazie. Ukaja mstari unatembea."

"Ukafika wapi?"

"Nusu hivi."

Fundi alichomeka waya, akabonyeza. Taa ikawaka, feni ikavuma, ikazima. Akabonyeza tena. Yaleyale.

"Shemeji," alisema polepole, "umemtoa mtu kwenye kisu cha daktari, tumbo liko wazi."

"Ni apdeti tu!"

"Ni ya BIOS. Ndiyo inayoiamsha mashine na kuiambia mkono uko wapi, mguu uko wapi. Sasa imeandikwa nusu. Haijijui."

"Tumia ya dukani," Mjomba alisema.

"Ya dukani haina programu. Na programu haihami, niliifunga na bodi hii hii ya ndani."

Mjomba alivuta bastola kiunoni, akaiweka mezani kando ya kiberiti.

SAA SABA KASORO ROBO

Dawa ilikuwepo. Fundi alishusha faili la BIOS la watengenezaji kwa kompyuta ya dukani. Mtandao ulitambaa kama kobe mgonjwa. Kisha ikatakiwa flashi, na flashi ilikuwa moja, ya redio ya gari.

"Naifuta."

"Mna nyimbo za harusi yetu!" Breki alilia.

"Ungezikumbuka kabla ya kubonyeza ndiyo."

Mara ya kwanza, kimya. Faili lilitaka jina lake maalumu, akalibadilisha. Mara ya pili feni ikavuma, ikakata. Akapiga kasha ngumi, akajiumiza kidole, akatukana ukoo wa aliyeliunda. Akaihamisha flashi kwenye tundu la nyuma.

Simu ikatetemeka. Sindano: *Mbona kimya?*

Akaandika: *Bado kidogo.* Jasho lilimdondoka kwenye kioo cha simu.

SAA SABA NA NUSU

Mara ya tatu alishikilia vitufe viwili, akamwambia Breki achomeke waya. Feni ilinguruma kama mashine ya kusaga. Kioo kilibaki cheusi. Lakini taa ya flashi ilianza kupepesa.

"Inasoma! Sasa asiiguse mtu."

"Muda gani?"

"Haisemi."

Wakangoja. Watu waliozoea kuvunja, kuruka na kukimbia, leo wanatazama taa ndogo. Breki alitafuna kucha. Mjomba alizunguka meza, akazunguka tena.

"Izime uiwashe."

"Ukiizima sasa, hata mimi siwezi kuifufua."

Mjomba alitazama saa yake. "Basi, kazi imekufa. Tunaondoka."

"Na Sindano?"

"Ana ulimi. Ajitetee."

"Mtoto wa dada yako, Mjomba!"

"Na wewe pia ni mtoto wa dada yangu. Inuka! Hilo dude tunalibeba, nikalivunjevunje." Mkono wake ukaenda kwenye waya.

Fundi aliiwahi bastola. Hakuwa amewahi kuishika. Aliikamata kwa mikono miwili, kama sufuria ya moto.

"Gusa huo waya nikumwage."

Feni ikanguruma. Mjomba hakumtazama. Alimtazama dereva. "Breki, sema na shemeji yako."

Breki aliangalia sakafu. "Mjomba anasema kweli. Tukibaki tunakwisha wote."

"Ni mkeo yule!"

"Najua ni mke wangu."

Ndipo kioo kikawaka.

Mjomba akacheka, akapiga makofi. "Mpwa wangu! Nilijua tu!" Akamtoa bastola mikononi, kama anamnyang'anya mtoto kisu. "Tunawahi nyuma ya ghala. Nikipiga simu, fungua."

SAA NANE KASORO TANO

Mashine iliamka kama mlevi. Ilidhani ni miaka ya nyuma kabisa, na programu ikagoma kwa sababu ya tarehe. Fundi akairekebisha huku vidole vikiteleza. Akaingia.

Picha za kamera za ghala zikaja. Sindano kwenye stoo ya mafagio, amejikunja. Gari la Breki nyuma, tako mlangoni. Na getini zamu ya pili imeshawahi, mbwa wanashuka.

Vitufe viwili. Mlango mkubwa: Mjomba angemtia Sindano kazi ya kubeba maboksi mpaka mbwa wamfike, kisha angeondoa gari. Mlango mdogo wa wafagizi: unatokea barabarani.

Akampigia dada yake. "Mlango wa wafagizi. Sasa hivi. Tembea kawaida."

Akabonyeza kimoja tu. Kwenye kioo, mwanamke mwembamba akatoka na ndoo, akajichanganya na watu.

Simu ikalia. "Fungua!"

"Mashine bado inawaka, Mjomba."

"Fungua, mbwa wewe!"

Kisha akasikika mbwa mwenyewe, halafu filimbi, halafu mlio wa bastola. Fundi akakata simu, akatoka mbio.

Walikutana kona ya pili. Sindano alimkumbatia mpaka ndoo ikamgonga goti.

"Gari liko wapi?"

Fundi alimvuta mkono waondoke.

"Kaka. Breki yuko wapi?"

"Alikubali uachwe mle. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Sijakuuliza alisema nini. Nimeuliza yuko wapi."

"Nyuma ya ghala. Anangoja mlango ambao sikuufungua."

Mlio mwingine ukasikika. Sindano alimtazama kaka yake kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akamkabidhi ndoo. Akakaza kitambaa chake cha kichwa, akageuka kule kule alikotoka.

"Dada, watakurudisha jela!"

Alishavuka barabara.