Boksi la Baridi, Njia ya Katumba

SAA TATU ASUBUHI

Mashine ya kusaga ilinguruma. Ndiyo maana Fabiani alikipenda kile chumba cha nyuma pale Ilembo. Hata utege sikio ukutani, huambulii neno.

Walikuwa wanne. Fabiani, bosi. Melkiadi, mkono wake wa kulia tangu ujana. Luhende, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maswali machache. Na Séverine wa Katumba, dereva, aliyeingia kundini mwaka jana tu. Lakini alikaa ubavuni mwa bosi. Kiti cha Melkiadi.

"Mzigo unashuka na ndege leo. Gari la kliniki linaupokea, sisi tunauteka njiani," Fabiani alisema. "Boksi la baridi. Lina vichupa. Ndani ya vichupa mna..."

Akakwama. Séverine akamnong'oneza.

"Chembe za chuma," bosi akaendelea. "Ndogo kuliko vumbi la tumbaku, huzioni kwa macho. Wanadungwa wazee wa kliniki kwenye mshipa. Zinapanda kichwani, zinanata kwenye uchafu wa Alzaima, ule ugonjwa wa kusahau. Mashine ya picha inauona uchafu mapema, kabla mtu hajapotea kabisa. Mnunuzi yuko Tabora."

"Nani anapeleka?" Melkiadi aliuliza.

"Séverine. Peke yake. Sisi tunashuka Kawajense, kabla ya njia panda ya Katumba."

Dili zote kubwa, mzigo aliupeleka Melkiadi. Leo bosi ananong'onezwa na mwanamke, na anatii. Kitu kikamng'ata kifuani kama siafu.

Akatoka, kama anaenda kukojoa. Akawapigia njagu simu kituoni. Noah nyeupe, dereva mwanamke, njia panda ya Katumba. Jina lake hakulitaja. La bosi pia.

SAA SITA MCHANA

Ng'ombe wa Luhende walijaa barabarani. Gari la kliniki likasimama, likapiga honi. Melkiadi akachomoka kichakani, kitambaa usoni, bastola mkononi.

"Zima gari! Mikono juu!"

Dereva akatii. Melkiadi akafungua mlango wa nyuma, akanyakua boksi, akakimbilia Noah, alimokuwa anasubiri Fabiani. Séverine akakanyaga mafuta. Hakuna risasi iliyolia.

Kawajense. Gari likasimama.

"Bosi, tushuke."

Fabiani hakusogea. Alikuwa amelikumbatia boksi. "Mimi naenda na mzigo."

"Mpango haukuwa hivyo!"

"Shuka wewe."

Melkiadi hakushuka. Noah ikaondoka. Nyumba zikaisha, mashamba ya tumbaku yakaanza. Njia panda ilikuwa inakaribia.

"Séverine, simama!"

"Kuna nini?"

"Njagu wako njia panda."

Breki. Fabiani akageuka. "Nani kawaita?"

"Mimi, bosi. Nilitaka akamatwe huyu. Siyo wewe."

Bastola ya Fabiani ilitoka haraka. Mdomo wa bastola ukamgusa Melkiadi kwenye paji la uso. Melkiadi akafumba macho, akasubiri.

Alipofumbua, hasira ilikuwa imemtoka bosi usoni. Alikuwa anaitazama bastola kama kitu alichokiokota njiani.

"Melki," alisema taratibu, "mbona tumesimama?"

Séverine akaishika bastola polepole. Fabiani akamwachia bila swali.

"Hamna mnunuzi, kaka Melki." Séverine alisema. "Vichupa ni vya kumpimia bosi mwenyewe. Tabora kuna fundi wa mashine ya picha. Kliniki haendi, sura yake inajulikana. Mwaka mzima namkumbusha majina ya watu. La kwako tu ndilo hajalisahau."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Anakuonea aibu wewe kuliko wote."

Hata hapo wivu haukumtoka. Ulizidi. Siri ile ilikuwa haki yake kuibeba. Kumuuguza bosi ilikuwa haki yake. Mwanamke huyu alikuwa amefanya yote mawili, vizuri, bila kelele.

Mbele vumbi likapanda. Polisi walikuwa wamechoka kusubiri.

"Shuka," Séverine alisema.

Akashuka. Noah ikakata kona, ikazama kwenye njia ya ng'ombe kati ya mashamba. Dirisha lilikuwa wazi.

"Mbona tunamwacha Melki?" bosi aliuliza.

"Amebaki kutulindia njia, bosi."

"Aha. Huyo namwamini."

Defenda ya polisi ikafunga breki mbele ya Melkiadi. Kitambaa kilikuwa bado shingoni, bastola kiunoni.

"Noah nyeupe imepita wapi?"

Akanyoosha mkono kuelekea mjini. "Imegeuza. Sasa hivi tu."

Kisha akanyoosha na ule wa pili, wamfunge pingu.