Mgeni wa Heshima Yuko Jikoni

Kila alfajiri pale Mtongwe, Swabra huamshwa na harufu ya mahamri. Shangazi yake, Bi Mwanatabu, huwa ameshakanda unga, akasukuma na kukaanga, wengine wangali wanajigeuza kitandani. Mahamri yakiisha hufua, hupika, na jioni maji yakijaa huteremka pwani kuwafundisha wasichana kuogelea. Alianza kazi hiyo mwaka aliozama binti wa jirani. Watu walinong'ona, ati mwanamke mzima na kuogelea wapi na wapi. Yeye alijitia hamnazo, akaingia majini na dera lake. Leo hakuna msichana mtaani asiyejua kuelea. Lakini akirudi nyumbani huwa hoi, hata chakula humshinda.

Kwa hiyo shule ilipoandaa siku ya kuwaenzi wanawake weusi waliofanya makubwa, hapakuwa na ubishi. Wanafunzi walibandika ukutani picha za rubani, daktari na mwanariadha, na Bi Mwanatabu akachaguliwa kuwa mgeni wa heshima. Swabra alipewa kazi ya kusoma sifa zake. Basi kichwa kikamvimba! Mwalimu Agneta alipouliza nani atawapikia wageni pilau, Swabra aliwahi kuinua mkono. Alisema shangazi yake atapika, kwani huyo kazi haimshindi. Darasa zima likapiga makofi, wala hakuna aliyeona kasoro, hata mwalimu mwenyewe. Bi Mwanatabu alipoambiwa alijishika kiuno, kisha akasema haya, inshallah.

Siku yenyewe wageni walijaa chini ya turubai. Swabra akasimama na karatasi yake, akasoma vizuri tu, mpaka alipofika pale pa kusema "mama huyu aliye mbele yetu." Akainua macho. Kiti kilichofungwa utepe kilikuwa kitupu, na nyuma ya madarasa moshi ulikuwa ukipanda. Swabra aliona aibu, aibu ya kweli. Angeweza kuendelea, wageni wangeshangilia, wakala, wakaenda zao. Lakini roho ilimsuta.

"Samahani," alisema. "Hayupo mbele yetu. Yuko jikoni anawapikia. Mimi ndiye niliyesema atapika, na sikumuuliza."

Akaiweka karatasi mezani, akakimbilia jikoni, Mwalimu Agneta nyuma yake. Walimkuta Bi Mwanatabu ameegemea gunia la makaa, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi na miguu imemvimba. Aliwaambia sauti ilikuwa ikimfikia vizuri, warudi tu kwa wageni.

"Twende ukakae, shangazi," Swabra alimsihi.

"Nikiondoka pilau itaungua, mwanangu."

"Na iungue." Machozi yalikuwa yakimlenga Swabra. "Kwa nini hukukataa?"

Bi Mwanatabu alishusha pumzi. "Wallahi nimechoka, Swabra. Lakini hamkuniuliza kama nitaweza. Mliniuliza nitahitaji mchele kiasi gani."

Mwalimu Agneta aliuchukua ule mwiko, akamwita Mwalimu Mwangi avue koti aje asimamie sufuria, na wavulana wakubwa wakatumwa maji. Kisha yeye na Swabra wakamshika Bi Mwanatabu huku na huku, wakamkalisha kwenye kiti chake. Swabra akaanza kusoma upya. Hakufika mbali. Shangazi yake alikuwa ameshalala, mtandio umemteremkia usoni, na harufu ya pilau iliyoungua ikawafikia wote pale walipoketi. Watu walipotaka kupiga makofi, Mwalimu Agneta aliwazuia kwa mkono. Akawageukia wanafunzi, akasema nao kwa sauti ya chini.

"Swabra amekiri kosa lake, nami nakiri langu, maana nilimsikia nikafurahi. Wanangu, ukimsifu mtu kwa bidii yake, halafu ukamwongezea kazi, hujamheshimu. Umemtuma tu kwa maneno matamu. Mwenye kumheshimu kwanza humuuliza hali yake, kisha humpokea mzigo. Sifa tumeshasoma za kutosha. Huko nyuma kuna masufuria yanangoja kuoshwa. Twendeni, na mtu asimwamshe."

Swabra akakunja mikono ya sare yake, akatangulia.