Mama Mkwe wa Kwenye Stika

Jumamosi ile soko la Bariadi lilikuwa halipitiki. Pamba ilikuwa imeshavunwa, na watu wa Nkoma na vijiji vya mbali walikuwa wameingia mjini na vumbi lao miguuni. Katikati ya vitenge na kelele za spika alikuja mama mmoja wa miaka hamsini na sita, mnene wa wastani, gauni la kitenge cha buluu limemkaa vizuri, miwani mikubwa ya jua, mtandio ameuvuta mpaka mdomoni. Alikuwa anatembea kama anayekimbia. Nyuma yake kundi zima linamfuata.

"Bibi Pepeta! Anguka kidogo tuone!"

Akakata kona, akachutama nyuma ya plau zilizopangwa nje ya banda la fundi. Kundi likapita.

Fundi mwenyewe, Luhaga, mgane wa miaka sitini, alibaki na nyundo hewani.

"Mwangaluka, mayu. Karibu, mama. Unatafuta plau?"

"Mwangaluka, baba. Ndiyo, natafuta plau."

"Una ng'ombe wangapi?"

"Sina."

"Basi utaivuta mwenyewe?"

"Nikimpata mwanaume wa kushika mpini, kwa nini nisivute?"

Luhaga hakucheka. Alilifikiria jambo hilo kweli kweli, kisha akasema, "Bega lako litaumia."

Maneno hayo yalimwingia Ng'washi, maana hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Miaka ishirini na sita alikuwa Bibi Pepeta wa vichekesho, kwenye filamu na kwenye televisheni. Akisema kichwa kinamuuma, watu wanacheka. Alipomlilia mama yake msibani, waombolezaji waliuma mitandio wasije wakaangua kicheko. Na huyu hapa mwanaume amesikia neno lake, akalihurumia bega.

Alikuwa amerudi kupumzika katika nyumba ya marehemu mama yake pale Somanda. Luhaga alikuwa na simu ya batani tu, na televisheni yake iliharibika mwaka aliokufa mkewe. Hakumjua mama huyu hata chembe.

Wakapeana namba, na asubuhi zikawa za kupigiana simu.

"Umeamkaje, mwenye plau yangu?"

"Nimeamka na wewe kichwani."

"Mzito?"

"Mzito, mpenzi. Ila sikutui."

"He! Na uzee huo, maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Yalikuwepo. Yalikosa mtu."

Siku moja akamuuliza, "Huko Dar ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kazi za watu, baba. Wakisema kaa, nakaa. Wakisema anguka, naanguka."

"Pole sana. Kazi za ndani ni ngumu."

Ng'washi alifungua mdomo amwambie ukweli. Kisha akaufunga. Akashukuru tu kwa Kisukuma, "Wabeja."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Luhaga akaamua kuoa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Elina, aliyeolewa Nyashimo na kijana aitwaye Mahona. Akawaita wote wawili pamoja na baba yake Mahona, Mzee Maganga, waje nyumbani kwake wamjue mama wa nyumba. Mke wa baba mkwe ni mama mkwe, hata kama kaingia jana. Na kwa Wasukuma mama mkwe hatazamwi usoni na mkwewe, wala hawali pamoja. Wakikutana njiani, kijana hushuka kando na kuinamisha macho.

Ng'washi aliyajua hayo yote. Alijifunga vitenge viwili, akajitanda mpaka kwenye paji la uso, akasimama nyuma ya mlango kama inavyotakiwa. Wageni wako nje kwenye viti, wanakunywa chai.

"Mwadila, bakwe zangu," akasalimu kwa adabu zake zote.

Sauti ile nchi nzima inaijua. Chai ilimtoka Mzee Maganga puani. Mahona aliinua macho, jambo lisilofanywa, akamwona, akanyanyuka, akapita katikati ya ua wa minyaa bila viatu.

"Baba!" Elina alishika kichwa. "Huyu ni Bibi Pepeta! Asubuhi hii hii Mahona katuma stika yake kwa wenzake wa mpira!"

Stika yenyewe imetokana na filamu moja ya zamani. Bibi Pepeta anamfukuza jogoo, kanga inanasa mlangoni, anabaki na kaptula ya mumewe yenye viraka viwili nyuma, halafu anaangukia kwenye beseni la maji. Hakuna simu kati ya Bariadi na Nyashimo isiyokuwa nayo.

Mzee Maganga alijifuta pua. "Luhaga, bukwi, mkwe wangu, mimi sina ubaya na mama huyu. Nimemcheka miaka yote, na kesho nitamcheka. Ndiyo shida yenyewe. Mkwe hachekwi. Kijana wangu ameshamwona kwenye ile kaptula mara mia, atakanyagaje hapa? Aifute picha ile, ndipo tukae tuzungumze."

Walipoondoka, Luhaga alivaa kofia yake.

"Ulinificha, Ng'washi."

"Katika nchi hii ulikuwa peke yako usiyenicheka. Ungekuwa wewe, ungesema?"

Luhaga alitoka kwenda bandani kwake, na wiki mbili hakupiga simu.

Ng'washi akarudi Somanda, akampigia Januarius, aliyetengeneza ile filamu.

"Mwanangu, nifutie ile ya jogoo."

"Mama, kwangu naifuta sasa hivi. Ila imeshaenda kwa watu. Hayo ni makapi uliyopepeta kwenye upepo, yatarudije kwenye ungo? Hata mimi nimeituma leo, mama. Nisamehe."

Elina alikuwa na ujauzito wa miezi saba, wa kwanza, na alitaka kujifungulia kwao. Akampigia baba yake akilia. Mahona amesema mama yule akiwa mle ndani, mkewe haji. "Baba, mama sina. Sasa nitajifungulia wapi?"

Habari zikamfikia Ng'washi kupitia jirani yake Felisita. Hakuuliza mtu. Akakata tiketi ya basi la Dar.

Asubuhi ya safari, Luhaga aliingia kibanda cha video, akamwambia mwenye kibanda amwonyeshe Bibi Pepeta. Alikaa peke yake kwenye benchi, kofia magotini. Alipotoka akapiga simu.

"Nimekuona," akasema.

Ng'washi alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake ndani ya basi. "Ulicheka?"

"Nilicheka, mayu. Ulipoanguka nilijizuia, nikaweza. Ulipoinuka nikashindwa."

"Nilipoinuka?"

"Ukajipangusa ile kaptula kama ni gauni la harusi, ukaingia ndani kwa maringo. Nimecheka mpaka nikalia."

Ng'washi alivua miwani. "Luhaga, sehemu hiyo hajawahi kuisifu mtu. Kuanguka niliambiwa. Kuinuka nilikubuni mwenyewe."

"Basi shuka, mpenzi wangu. Turudi nyumbani."

"Nikishuka, mwanao atajifungulia wapi?"

Luhaga alitazama mbingu, akatazama viatu vyake.

"Mtoto akishazaliwa..."

"Akishazaliwa, Mahona bado mkwe, na mimi bado mimi. Tutafanyaje, mzee wangu? Nikikupigia kesho utapokea?"

"Nitapokea."

"Na keshokutwa?"

"Mpaka simu ife."

Basi likaondoka naye.

Jumatatu iliyofuata Mahona alimleta mkewe, begi kichwani, mpaka kwenye ua wa minyaa. Luhaga alikuwa anampokea mzigo simu ilipoita. Akashika begi kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, sauti ya simu ilikuwa juu, wote wakasikia.

"Mwadila, mwenye plau yangu! Elina amefika salama?"

Elina alimtazama mumewe. Mahona hakucheka. Alishuka kando ya njia, akainamisha macho chini, akakaa hivyo mpaka sauti ile iliponyamaza.

Luhaga alisimama na begi la mwanawe, akimtazama kijana aliyeiinamia sauti ya mama mkwe aliyekwisha kuondoka.