Mfuniko Uliosifiwa na Kila Mtu

Mwaka ule wa 1975, kila asubuhi kabla ya shule, Veronica alichota maji, akafagia uwanja, kisha akapita kwa majirani kuulizia mifuniko ya vyoo aliyowatengenezea. Kijiji chao cha ujamaa, chini ya Mlima Hanang, kilikuwa kipya, na kila kaya ilikuwa imechimba choo. Ijumaa, Bwana Afya, Ndugu Didas, angekuja kuchagua mfuniko mmoja wa choo uigwe na kijiji kizima. Veronica, wa darasa la sita, alikuwa amejifunza useremala shuleni. Alitaka wake uchaguliwe kuliko alivyotaka sikukuu.

“Shikamoo, bibi. Mfuniko ni mzuri?”

“Marahaba. Mzuri sana, mjukuu wangu!” alijibu Bibi Scolastica, jirani yao.

Majirani wengine wote walisema hivyo hivyo. Veronica alirudi nyumbani akirukaruka.

“Mama, wote wameusifu!”

Mama yake alikuwa akifukuza nzi kwenye uji wa mtoto. “Nzi hawa hawajazisikia hizo sifa,” alisema. “Wanatoka wapi kama vyoo vimefunikwa? Rudi. Safari hii usiulize, tazama.”

Veronica alirudi amenuna. Choo cha Bibi Scolastica kilikuwa wazi. Mfuniko ulikuwa uani, maharage yameanikwa juu yake.

“Bibi! Si ulisema ni mzuri?”

“Ni mzuri! Maharage yanakauka upesi. Usiogope, haujafika chooni hata siku moja.” Bibi alicheka, kisha akashika kiuno. “Ni mzito, mjukuu wangu, na kuinama siwezi. Mtoto kaniletea zawadi, nimwambieje kwamba imenishinda?”

Machozi yalimlenga Veronica. Zilibaki siku mbili tu! Alikimbilia shuleni, akaomba mbao nyepesi, akaranda mfuniko mpya, akapigilia mpini mrefu unaofika kiunoni. Jioni akarudi.

“Bibi, usiniambie ni mzuri. Funika nikuone.”

Bibi alifunika bila kuinama. Alipofunua, mpini ukayumba.

“Unacheza huu,” alisema bila kuulizwa.

Veronica akaongeza misumari. Bibi akafunika na kufunua mara tano, akicheka kama msichana.

Ijumaa ilipofika, Bibi Scolastica alimvuta Bwana Afya mkono. “Ni huu! Ukichagua mwingine, utakuja kunifunikia wewe!”

Ndugu Didas aliujaribu, akasimuliwa ulivyopatikana, akauchagua. Vigelegele vikapigwa.

“Ndugu zangu,” alisema, “sifa zilimfurahisha Veronica, lakini nzi walibaki. Alipoambiwa ukweli, kazi ikanyooka. Ukimficha mtu kasoro ya kazi yake, unamnyima nafasi ya kuirekebisha. Na wewe mwenye kazi, uliza inasumbua wapi, na ukijibiwa usinune.”

Akaendelea na minyoo, maji ya kuchemsha na kucha chafu, mpaka watoto wakaanza kusinzia. Mwisho akauliza, “Haya, na hotuba yangu ina kasoro gani?”



“Ni ndefu, mwanangu,” alisema Bibi Scolastica.

Ndugu Didas alicheka kuliko wote. Akavua koti, akamwomba Veronica msumeno, waanze kutengeneza mifuniko ya kijiji kizima.